Maswali na majibu: Mtu wa porini mwenye roho safi

Wiki hii mmeuliza kuhusu ile picha ya mtu asiyejua ustaarabu ambaye, kwa sababu hiyo hiyo, ni mwema kutushinda sote: mkweli, hana tamaa, anaishi kwa amani na wanyama. Imejaa vitabuni, kwenye filamu na kwenye matangazo ya utalii.

Shikamoo mwalimu. Ni kweli mwanafalsafa Rousseau ndiye aliyeanzisha wazo hili? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Hapana, lilikuwapo kabla yake. Karibu mwaka 1580 mwandishi Mfaransa Montaigne aliandika insha ya kuwasifu Watupinamba, wenyeji wa Brazil, wakati Wafaransa wenzake wakichinjana kwa ajili ya dini. Rousseau alitoa hoja yake mwaka 1755, na alisema wazi kwamba mtu wa mwanzo anayemwelezea ni wa kukisia. Mkumbuke zaidi Montaigne: sifa zile alizigeuza fimbo ya kuwachapia watu wa kwao.

Kusifiwa kuna ubaya gani? Si afadhali kuliko kutukanwa? (Msomaji, Mombasa)

Ngoja nikupe kisa cha Mai. Mwaka 1774 kijana huyu wa visiwa vya Pasifiki alifika Uingereza kwa meli ya msafara wa Cook, nahodha Mwingereza. Wakubwa wa London walimgombania, akafikishwa hadi kwa mfalme. Mchoraji Joshua Reynolds alimchora akiwa pekupeku, kilemba kichwani, joho jeupe limemshuka, mkono ameunyoosha kama sanamu ya Kirumi, na chale za wino zinaonekana mikononi. Ni mchoro mzuri kweli. Mwaka 2023 makumbusho mawili, la London na la California, yaliununua kwa pamoja kwa pauni milioni 50.

Lakini Mai mwenyewe alitaka nini? Bunduki. Kisiwa chao cha Raiatea kilikuwa kimetekwa na watu wa Bora Bora na ardhi ya baba yake imepotea, naye alitafuta silaha na watu wa kumsaidia kuirudisha. Alikuwa mkimbizi mwenye mpango wa kisiasa, wenyeji wake wakamwona kiumbe wa bustani ya Edeni. Mwaka 1777 Cook alimshusha Huahine, kisiwa kingine, na Raiatea hakuipata tena. Ubaya ndio huo: mtu akishafanywa malaika, hakuna anayesikiliza madai yake.

Kwani ni Wazungu tu wanaofanya hivi? (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

Hapana, dada yangu. Pita mitaa yenye mageti hapo hapo Dar: mlinzi Mmasai, shuka begani, sime kiunoni, rungu mkononi. Mwenye nyumba atakuambia amemwajiri kwa sababu Mmasai haibi wala haogopi. Siku akidai nyongeza ya mshahara, utasikia "huyu mji umeshamharibu". Linaniumiza sana hili, maana anayedai haki yake hajaharibika hata kidogo.

Na kuna mambo mazito zaidi ya mshahara. Wamasai walitolewa Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo mfugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku humo. Ng'ombe sawa, mahindi hapana. Sababu za uhifadhi zilikuwapo, sizikatai. Ila mfugaji alikubaliwa mradi abaki vile vile alivyo kwenye picha ya mtalii, na njaa ya ukame haijui picha.

Nimetumiwa WhatsApp hotuba ya chifu Mhindi Mwekundu akimwambia rais wa Marekani kwamba ardhi haiuzwi. Ni ya kweli? (Kijana, Kisumu)

Chifu Seattle alikuwapo kweli, kiongozi wa Wasuquamish na Waduwamish, makabila ya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani, na inasimuliwa alihutubia mwaka 1854. Maneno yake yalichapishwa kwanza mwaka 1887, kwa kalamu ya daktari wa Kizungu. Hiyo inayozunguka kwenye simu iliandikwa na Ted Perry kwa ajili ya filamu ya mwaka 1972. Soma pale chifu anaposema ameona nyati elfu wakioza, wamepigwa risasi kutoka garimoshi. Pwani ya kwao haikuwa na makundi ya nyati, na Seattle alifariki mwaka 1866, kabla reli haijafika huko.

Seattle wa kweli alitia alama yake kwenye mkataba wa ardhi mwaka 1855, na Waduwamish wamepigania kwa miongo mingi serikali ya Marekani iwatambue. Ukitaka kusambaza kitu, sambaza habari hiyo.