Uliza Fundi: Tofali si stendi

*Nataka kubadilisha mwenyewe pedi za breki za mbele za Toyota IST. Uwanja wetu ni mchanga, na jeki niliyonayo ni ile iliyokuja na gari. Jirani anasema nikishainua niweke tofali la bloku chini, inatosha. Ni kweli? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)*

Haitoshi, na jirani amebahatika tu mpaka leo. Bloku hubeba ukuta kwa sababu mzigo umeenea juu yake lote. Chini ya gari mzigo unaangukia sehemu ndogo, na bloku halitoi dalili: linapasuka mara moja. Jeki ya kwenye buti nayo ni ya kubadilisha tairi la pancha, si ya kazi ya saa nzima. Tena inakalia palepale panapotakiwa stendi (mguu wa chuma wa kushikilia gari lililoinuliwa), yaani ukingo wa bati chini ya mlango, kati ya alama mbili zilizokatwa.

Azima au nunua jeki ya magurudumu na stendi mbili za tani 2 au 3. Jeki inainua mbele katikati, pale panapoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kisha stendi zinaingia kwenye kingo za kulia na kushoto. Mchangani, jeki na kila stendi ikae juu ya ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40 hivi, unene usiopungua sentimita 3. Ukiona ubao unazama upande mmoja, shusha gari utafute sakafu ya saruji, hata kama ni kwa jirani huyohuyo.

Kabla ya kuinua: gia kwenye P, handbreki juu, na kila tairi la nyuma lizibwe kwa jiwe au kigingi mbele na nyuma yake. Handbreki ya gari hili hushika matairi ya nyuma tu, kwa hiyo siku ukiinua nyuma haina msaada. Ziba ya mbele. Nati za tairi zilegeze nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Ukisubiri liwe juu, nguvu unayosukumia wili spana ndiyo itakayoliangusha. Likishakaa kwenye stendi, litikise kwa bega kabla hujaingiza mkono. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ukingo: stendi ikiteleza, gari litaangukia tairi badala yako.

Sasa pedi. Fanya upande mmoja kwanza, ili mwingine ubaki kielelezo cha jinsi vitu vinavyokaa. Vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, maana pedi za zamani huweza kuwa na asbesto; lilowanishe kwa maji ya sabuni ulifute. Kalipa (kifaa kinachobana pedi) ikitoka usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki. Ifunge kwa waya kwenye springi. Unaporudisha pistoni ndani, mafuta ya breki hupanda kwenye kopo lake, kwa hiyo chungulia na uyapunguze kwa bomba la sindano kabla hayajamwagika. Yakigusa rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, kwa kuwa huibabua. Pini za kalipa zipakwe grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake. Uso wa pedi usiguswe na grisi yoyote.

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni hii: kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedeli ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni uliyoirudisha bado iko mbali na pedi, hivyo mkanyago wa kwanza huenda hadi chini bila kushika. Watu wamegonga geti la nyumbani kwao kwa sababu hiyo.

Nati kaza kwa mkingamo, moja kisha iliyo mkabala nayo, si kwa kufuata duara. Kipimo cha Toyota nyingi ndogo ni Nm 103 (newtoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), sawa na kusukuma kama kilo 35 mwishoni mwa spana ya sentimita 30. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana ya sentimita 40 anafikisha zaidi ya Nm 270, ndiyo maana stadi (bolti zinazoshika nati za tairi) hukatika. Kagua tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

*Gari likichemka, ni sawa kufungua kifuniko cha rejeta polepole kwa kitambaa? (Msomaji, Voi)*

Hapana. Kifuniko huzuia presha ya takriban bar 1, na kwa presha hiyo maji hukaa karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, presha inashuka na maji yanageuka mvuke usoni pako. Zima injini, usubiri mpaka paipu ya juu ya rejeta iminyike laini na uweze kuishika bila kuikwepa. Mara nyingi ni nusu saa au zaidi. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa bado ya moto, kwani silinda hedi hupinda au kupasuka. Vidole viwe mbali na feni: kwenye baadhi ya magari huweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa.

*Injini ya Toyota ya 1NZ inameza lita ngapi za oili, na kwa nini bolti ya chini ya kumwagia oili huliwa nyuzi? (Msomaji, Morogoro)*

Lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Mimina 3.5 kwanza, washa dakika moja, zima, subiri, kisha pima kwa kijiti.

Nyuzi huliwa kwa sababu watu hukaza mpaka mkono unauma, wakati bolti hiyo inataka Nm 37 hivi, nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Anza kuizungusha kwa vidole. Ikigoma, imeingia kombo. Kinachozuia mvujo ni washa mpya (ringi bapa ya bolti). Hakikisha pia mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikipandana, oili yote humwagika barabarani. Oili chakavu usiimwage mtaroni. Wengi huipaka nguzo dhidi ya mchwa. Basi vaa glavu, na isiwe karibu na kisima.

*Betri: waya upi hutangulia kutolewa? (Msomaji, Tanga)*

Hasi hutoka wa kwanza na kurudi wa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi inapiga shoti. Vua pete na saa.

*Naweza kufungua shokapu za mbele nyumbani nibadilishe springi? (Msomaji, Arusha)*

Kuitoa nzima kwenye gari, ndiyo, ukiwa na stendi. Nati kubwa ya juu usiiguse: springi imebanwa, na ikiachiwa hurusha kila kilicho juu yake kwa nguvu ya kuua. Ipeleke nzima gereji yenye mashine ya kubania springi, na usikubali ile inayofunga kwa kamba au waya.