Risasi imeingia, lakini je, inafaa?

*Shikamoo mzee. Marehemu baba ametuachia bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya Kiingereza, geji 12. Jirani mwenye leseni anasema risasi zake zitaingia bila shida. Zinafaa? (Tukuyu)*

Marahaba, mwanangu. Kuingia zitaingia, na hapo ndipo mtego ulipo. Risasi nyingi za sasa ni za milimita 70, na bunduki nyingi za kale za Uingereza zina chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, ya inchi mbili na nusu, karibu milimita 65. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ganda ni fupi na linatumbukia vizuri tu. Ukifyatua, ule mkunjo unafungukia kwenye koo la mtutu, pale chemba inapoishia, njia inabana na mgandamizo unapanda.

Chomoa mitutu kwenye kitako, ipindue, ufute mafuta kwa kitambaa, kisha utazame chini ya chemba. Taji juu ya herufi NP maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Kama NP haipo, ihesabu kuwa ya baruti nyeusi, ile ya zamani, wala usiitie risasi za sasa. Hata ikiwepo, muhuri ni wa siku ile ya majaribio. Kutu ya miaka yote iliyokaa darini juu ya moshi wa jiko hauijui.

*Mtutu wa babu una michoro kama mawimbi. Ni urembo? (Njombe)*

Huo ni mtutu wa damaski: vipande vya chuma laini na feleji vilivyosokotwa na kuungwa kwa moto. Ipo iliyofaulu majaribio ya baruti ya kisasa, lakini kutu hujificha kwenye maungio. Mimi ningeipumzisha.

*Tukiifunga kwenye tairi, tukafyatua kwa kamba tukiwa mbali, si tutajua? (Mafinga)*

Mtajua kwamba risasi ile moja imepita. Ya pili je, ukiwa umeiegemeza shavuni? Fundi silaha mwenye kibali hupima unene wa kuta za mtutu na urefu wa chemba kwa vifaa vyake.

*Nikikosa za geji 12, za geji 20 hazisaidii? (Iringa)*

Thubutu! Ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12, huteleza ikakwama mbele ya chemba. Mtu akichungulia haraka haioni, anatia ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasukia mkono wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya 20 hutengenezwa ya njano.

*Leseni ya marehemu mume wangu inanitosha? (Mbozi)*

Pole, mama. Haitoshi, leseni ni ya mtu, hairithiwi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, utaomba ya kwako. Usipande basi na bunduki kuipeleka polisi. Nenda kituoni kwanza mikono mitupu, utoe taarifa ya msiba na ya silaha, wakuelekeze itakavyofikishwa.