Kinyota kisiingie kwenye kifurushi cha prodakshini

Tunaotunza Endevor, programu ya kusimamia mabadiliko ya msimbo kwenye kompyuta kuu za IBM, tunaijua raha ya kinyota. Unaandika MOVE, amri ya kupandisha msimbo hatua inayofuata, mahali pa jina la elementi (programu au faili moja ya msimbo) unaweka *, yaani zote, na mfumo mzima wa mikopo unapanda kwa mkupuo. Nakusihi, amri ya namna hiyo isiende prodakshini, mazingira ya kazi halisi, hata siku moja.

Hatua ya majaribio hukaliwa na wengi. Programu yako imekamilika, lakini kando yake kuna ya mwenzako ambaye bado anahangaika na hesabu ya riba. Kinyota huzibeba zote. Ni heri uchague kwa CCID, ile namba ya ombi la mabadiliko ambayo elementi hubeba kila inapohaririwa. Hata hivyo, usiitegemee kwa upofu. Elementi moja ikiguswa kwa maombi mawili, CCID ya sasa ni ya ombi la mwisho, ilhali mistari ya ombi la kwanza bado imo humo humo na itapanda nayo. Kwa hiyo mimi hufungua historia ya mabadiliko ya kila elementi kabla ya kufunga kifurushi, yaani mkusanyo wa amri zinazoidhinishwa na kutekelezwa pamoja. Inachosha, lakini inafaa.

Kopibuku, vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Chukua rekodi ya mteja: namba ya simu ilikuwa PIC X(10), yaani herufi kumi, ikafanywa PIC X(12). Kopibuku ikapanda pamoja na programu mbili zilizotajwa kwenye ombi. Programu ya tatu, ya kufunga hesabu usiku, haikukompailiwa upya. Yenyewe bado inatafuta salio mahali pake pa zamani, baiti mbili nyuma, na kwenye uga wa COMP-3, wa namba zilizofungashwa, inakuta herufi. Matokeo ni S0C7, kosa la data isiyo namba halali linaloangusha programu, na mtu wa zamu anaamshwa. Tena hiyo ni heri. Balaa ni pale data iliyosogea inapofanana na namba halali, kwa sababu hapo hakuna kinachoanguka.

Dawa ipo ndani ya Endevor yenyewe. Uliza ACM, sehemu yake inayorekodi elementi ipi inatumia ipi, ni elementi zipi zinatumia kopibuku hiyo, kisha ziingize zote. Lakini ACM haijui kitu kama prosesa yako ya kukompaili, yaani maelekezo ambayo Endevor hufuata, haikuwekewa MONITOR=COMPONENTS, kwa hiyo anza kukagua hapo.

Kifurushi kikishapita CAST, hatua ya kukifunga ili kiombewe idhini, hakihaririwi tena mpaka kifanyiwe RESET, yaani kirudishwe kwenye uhariri. Vyanzo vinaweza kubadilika kati ya idhini ya mchana na utekelezaji wa usiku, ndiyo maana napenda INSPECT, ukaguzi wa kama vyanzo vimebadilika, iendeshwe mapema jioni, wenye kazi wakiwa bado ofisini.

Mwidhinishaji naye aletewe orodha kamili ya elementi, asipewe kichwa cha ombi peke yake. Akikuta jina asilolitambua, aulize mwenye elementi hiyo ni nani. Asipojibiwa, akatae kifurushi kizima, na wenye nacho wakijenge upya bila elementi hiyo.