Mwanapunda hanyonyi tangu azaliwe: anza na joto, chupa baadaye

Mkuu, umesema kazaliwa alfajiri, sasa ni saa nne, kalala ubavu hataki kusimama, na jirani anakushauri ummiminie maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Hiyo chupa iweke kando kwanza. Mtoto mzima husimama ndani ya saa moja hivi na kunyonya ndani ya mbili, kwa hiyo wako kachelewa, ila muda bado upo.

Nawa, mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi na kidole hakifyonzi, maziwa yatapitiliza kwenye mapafu. Huku kwetu, punda wa kubeba maji wanazaa kila mwaka, na watoto niliowaona wakifa kwa kupaliwa na maziwa ya kulazimishwa si wachache. Mkaushe kwa gunia, mfunike blanketi, mkalishe kwa kifua miguu ikiwa imekunjwa chini yake, na mgeuze kila baada ya saa mbili. Chupa za maji ya moto zifunge kitambaa, asije akaungua.

Akiwa anapata joto, mkamue mama. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, ndiyo kinga yake yote, maana huzaliwa hana, na utumbo huipokea kwa takriban saa 24 tu. Zile sita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Chuchu za punda ni fupi, vidole vinateleza. Sisi tunachukua bomba la sindano kubwa, jipya, tunalikata upande wa kuchomekea sindano, pistoni tunaiingiza huko kulikokatwa, ule upande laini ndio unakaa kwenye chuchu. Vuta taratibu. Mtu mmoja ashike kichwa cha mama, na mtoto asitolewe machoni pake, la sivyo utakula teke.

Akishaanza kufyonza kidole, mpe kidogo kidogo, kichwa kikae kama anavyonyonya, usikiinue juu. Asipofyonza hata baada ya kupata joto, mpigie daktari wa mifugo aje ampitishie dang'a kwa mpira hadi tumboni. Hilo usilijaribu mwenyewe, hata kama umeona watu wakilifanya. Akija muulize na sindano ya kinga ya pepopunda.

Mama naye mwangalie. Kondo la nyuma likipitisha muda wa saa tatu tangu azae halijatoka, mwambie daktari, wala usilivute. Na asiache kula: punda akisusa chakula, mafuta hujaa kwenye damu, na wengine hufa kwa hilo.

Kitovu cha mtoto kichovye kwenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na maji, usikifunge kamba. Siku zijazo ukimwona anachechemea, goti limevimba na lina moto, watakwambia kakanyagwa na mama yake. Mara nyingi ni vijidudu vya maradhi vilivyoingilia kitovuni, vikafika kwenye viungo. Aonwe na daktari siku hiyo hiyo.