Maswali ya Wasomaji: Watoto wa Chekechea Wanapokwenda Kutazama Wanyama

Ndugu wahariri, habari za kazi. Chekechea yetu ina watoto 32 wa miaka minne na mitano. Wazazi wanataka tuwapeleke Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, twende asubuhi na kurudi jioni. Mnatushaurije?
*Mwalimu, Kihesa, Iringa*

Njema, mwalimu. Inawezekana, lakini kwa umri huo hatuishauri. Kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni zaidi ya kilomita 100, mkipitia Idodi na Tungamalenga. Kwenda, kuzunguka na kurudi, mtoto atashinda kwenye kiti kutwa nzima. Ndani ya hifadhi watu hawashuki garini ovyo, ni kwenye sehemu zilizoruhusiwa tu, kwa hiyo mtoto akibanwa na haja katikati ya pori mtahangaika. Tena dirisha la basi la Kosta liko juu kuliko kichwa chake. Tembo na twiga atawaona. Simba aliyejilaza kwenye majani hatamwona, na simba huweza kulala au kupumzika hata saa 20 kwa siku. Watu wazima watapiga kelele "yule pale!" huku mtoto anatazama mgongo wa kiti cha mbele.

Kuna pia mbung'o. Ruaha wapo, wanauma hata juu ya nguo, na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Sasa tazameni sweta za sare za watoto wengi ni za rangi gani. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu haiwazuii vizuri. Kama safari imeshapitishwa, watoto wavae kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu, na vioo vifungwe mnapopita vichakani. Ruaha iko chini na ina joto, si kama Iringa mjini, na malaria ipo. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, na mganga aambiwe alikuwa wapi.

Kuhusu kiingilio: kwa hifadhi za TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), mtoto wa chini ya miaka 5 halipi, wa miaka 5 na kuendelea hulipa. Darasa lenu lina wote wawili, kwa hiyo andaeni orodha yenye tarehe za kuzaliwa kabla ya kufanya malipo.

Ushauri wetu ni bustani ndogo ya wanyama isiyozidi mwendo wa saa moja kwa gari. Ondokeni mapema, maana jua likishapanda wanyama hujificha kivulini. Chagueni wanyama wanne au watano tu, na msimame kwa kila mmoja mpaka watoto wenyewe waanze kuuliza. Kuwakimbiza mabanda 20 ni kuwachosha bure. Wakifika nyumbani hawakumbuki hata moja.

Kwa watoto 32 tafuteni watu wazima wanane, kila mmoja na wanne wake anaowajua kwa majina, na wa tisa asiye na kikundi, wa kubaki na atakayeumwa. Dereva hahesabiwi. Watoto wahesabiwe kwa kuguswa kichwa, si kwa kutazama kwa macho: wanapopanda, wanaposhuka, na kila wanapotoka chooni. Wengi hupotea chooni na kwenye foleni ya maji, kwa sababu kila mwalimu anadhani mwenzake ndiye anayewaangalia. Jina la mtoto lisibandikwe kifuani, maana mtu asiyemjua akimwita kwa jina atamfuata. Namba ya simu ya mwalimu iandikwe kwenye karatasi na kutiwa mfukoni, au kwa peni kwenye mkono, ndani ya mkono wa sweta.

Shikamooni. Mwanangu ana miaka minne, anatapika sana kwenye gari. Shule yao inakwenda kutazama wanyama mwezi wa saba. Nimfungie nini na nimvalishe nini?
*Mama, Uyole, Mbeya*

Marahaba, mama. Usimpandishe na njaa ukidhani hatatapika. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Mpe uji mwepesi, bila maziwa mengi wala mafuta, saa moja na nusu kabla ya safari. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, atazame nje mbali, asipewe simu wala kitabu. Mfungie mifuko miwili ya karatasi imara, kitambaa chenye maji, na nguo za kubadili pamoja na chupi mbili. Dawa ya kuzuia kutapika usimpe kwa kukisia, dozi yake ipimwe na mtaalamu wa afya.

Chakula kiwe kikavu: viazi vya kuchemsha, chapati, ndizi. Maziwa na wali wa nazi huchacha kabla ya saa sita. Karanga na pipi ngumu ziache nyumbani, kwa umri huo zinampalia mtoto kirahisi, hasa gari likirukaruka. Tumia kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Julai Mbeya asubuhi ni baridi kali, lakini saa sita jua linachoma. Mvalishe fulana, sweta ya zipu juu yake, na kofia yenye ukingo mpana. Kama darasani kuna mtoto mwenye ualbino, shule imwandalie mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kivuli kuanzia saa nne asubuhi. Hilo wasiachiwe wazazi wake peke yao.

Mwanangu akiona mbwa tu analia. Nimzuie asiende?
*Baba, Tukuyu*

Mwache aende, ila acheni kwanza yale maneno ya nyumbani, "nyamaza, simba atakuja kukula." Mtoto aliyetishwa hivyo hawezi kumtazama simba kwa furaha. Aanze na kobe au sungura, akiwa hatua kadhaa nyuma, mtu mzima akiwa amechuchumaa kando yake. Asisukumwe mbele, asichekwe. Akitaka kubebwa abebwe, lakini asikalishwe juu ya ukuta wa banda hata kwa dakika moja.

Watoto waruhusiwe kulisha na kushika wanyama?
*Mlezi, Njombe*

Kulisha, hapana, isipokuwa mtunzaji awape chakula chake na asimame nao. Mtoto anayepitisha chipsi kwenye wavu anapitisha pia vidole. Tumbili na nyani hunyang'anya, na mtoto akiwachekea kwa kuonyesha meno wao huona ni vitisho.

Kushika kunategemea maji na sabuni. Kobe mzima wa afya huweza kubeba bakteria wa salmonela, na walio chini ya miaka mitano huugua vibaya zaidi. Sanitaiza haitoshi mikono ikiwa na tope au kinyesi. Bebeni dumu la lita 20 lenye koki na sabuni ya kipande. Kila mtoto asugue sekunde 20, kucha pia, kabla chombo cha chakula hakijafunguliwa. Anayenyonya kidole aangaliwe kuanzia bandani hadi kwenye maji. Mkirudi, viatu vipigwe brashi na sabuni nje kabla ya kuingizwa darasani.