Barua kwa mwanangu: magoli mawili ya Lilian Thuram

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na ninamshukuru Mungu kusikia kwamba nyote hamjambo. Umeniuliza kwa nini kila Marcus Thuram anapoifungia Inter Milan mimi humtaja baba yake, Lilian, aliyekuwa beki, ilhali ulipotazama takwimu ulikuta kwamba mzee huyo aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 142 na kufunga magoli 2 tu. Unataka kujua ukubwa wake uko wapi. Swali lako ni la haki, na ningependa kulijibu kwa utulivu.

Nianze na hayo magoli 2, kwa kuwa yote yalifungwa katika mechi moja, nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Croatia, tarehe 8 Julai 1998, katika uwanja wa Stade de France. Kipindi cha pili kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza pale Davor Šuker, mshambuliaji wa Croatia, alipopenya nyuma ya ngome na kufunga. Marudio ya picha yanaonyesha wazi kwamba mabeki wengine walikuwa wamepanda ili Šuker aonekane ameotea, lakini Thuram, upande wa kulia, alikuwa amechelewa hatua chache, na kuchelewa huko ndiko kulikouvunja mtego. Beki mwingine angeinamisha kichwa na kucheza kwa woga dakika zote zilizobaki. Yeye alipanda mara moja hadi karibu na lango la Croatia, akampora mpira nahodha wao, Zvonimir Boban, akampa mwenzake Youri Djorkaeff, akarudishiwa na kusawazisha. Dakika ya 70 alipiga shuti kwa mguu wa kushoto, mguu ambao hakuuzoea kufungia, na mpira ukajaa wavuni. Alipiga magoti, akaweka kidole mdomoni na kutulia hivyo, kama mtu anayetafakari, huku wenzake wakimrukia. Siku 4 baadaye Ufaransa iliifunga Brazil 3-0 na kutwaa kombe.

Hata hivyo, mwanangu, mimi naona magoli hayo yamemficha. Watu huyakumbuka kwa sababu yalikuwa ajabu, kisha husahau kwamba katika mechi 7 za mashindano yale Ufaransa ilifungwa magoli 2 tu, moja likiwa la penalti. Thuram, Laurent Blanc, Marcel Desailly na Bixente Lizarazu walikuwa ukuta, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa tatu wa mashindano, nyuma ya Ronaldo wa Brazil na Šuker. Beki wa kulia kupewa heshima hiyo ni jambo la nadra sana. Tena alikuwa akicheza pembeni kwa utiifu tu, kwa kuwa mwenyewe alipenda zaidi kucheza beki wa kati.

Kama mzazi, sehemu ya maisha yake inayonigusa zaidi ni ile ya kabla ya soka. Alizaliwa Pointe-à-Pitre, kisiwani Guadeloupe, tarehe 1 Januari 1972, na kulelewa na mama peke yake pamoja na ndugu zake. Mama huyo alitangulia kwenda Ufaransa kutafuta maisha, akafanya kazi ya usafi, kisha akawaita watoto wake. Lilian alifika akiwa na miaka 9. Shuleni, wenzake walimtania kwa jina la ng'ombe mweusi wa katuni za televisheni. Amesimulia mara nyingi kwamba siku hizo ndipo alipojifunza kuwa yeye ni mweusi, kwa sababu kisiwani kwao hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba rangi yake ni tatizo. Kwa nini rangi iwe tatizo? Jibu la swali hilo la utotoni amelitafuta maisha yake yote.

Mpira aliuanzia katika klabu ndogo za Fontainebleau na Melun, akachukuliwa na Monaco, ambako alifundishwa na Arsène Wenger. Mwaka 1996 alihamia Parma ya Italia, akacheza pamoja na Fabio Cannavaro na kipa kijana Gianluigi Buffon, na mwaka 1999 wakatwaa Kombe la UEFA kwa kuifunga Marseille 3-0. Kisha alitwaa ubingwa wa Italia mwaka 2002 na 2003 akiwa na Juventus, na akamalizia Barcelona. Kombe la Mataifa ya Ulaya la 2000 nalo analo.

Alitundika daluga mwaka 2008 bila kupanga. Alikuwa karibu kujiunga na Paris Saint-Germain, lakini vipimo vya afya vikaonyesha kasoro katika moyo, na ndugu yake alikuwa amefariki kwa maradhi ya moyo akiwa anacheza mpira wa kikapu. Aliacha palepale. Mwaka huohuo alianzisha taasisi ya kuwaelimisha watoto kuhusu ubaguzi wa rangi, na mpaka leo huzunguka shuleni akiwaeleza kwamba hakuna anayezaliwa mbaguzi. Hakuisubiri taasisi ili aseme: mwaka 2006, akiwa bado mchezaji, yeye na Patrick Vieira waliwaalika uwanjani, kwenye mechi ya Ufaransa na Italia, watu waliofukuzwa katika jengo walimoishi huko Cachan, karibu na Paris. Wapo waliochukia, naye hakurudi nyuma. Hata huyo Marcus unayemshangilia alipewa jina kwa heshima ya Marcus Garvey, Mjamaika aliyetetea watu weusi, na mdogo wake, Khéphren, ana jina la farao wa Misri.

Ukipata nafasi, tafuta nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2006 dhidi ya Ureno. Thuram alikuwa na miaka 34, alikwisha kuiaga timu ya taifa na kurudi, na sasa alikuwa beki wa kati. Zinedine Zidane alifunga penalti, ikawa 1-0, kisha Figo, Cristiano Ronaldo na wenzao wa Ureno wakashambulia hadi mwisho wasipate kitu. Usiufuate mpira, mfuate yeye, uone anavyosogea kabla pasi haijapigwa. Siku hiyo mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako