Kabla ya kondomu, tazama mlango

Siku yangu ya kwanza Mtwapa, mji wa pwani ya Kenya kaskazini mwa Mombasa, nilifika saa nne asubuhi nikiwa na mabango, kalamu za rangi na katoni mbili za kondomu. Nikabisha mlango wa kwanza: kimya. Wa pili, sauti ikatoka ndani, "Nani huyo anagonga usiku wote huu?" Jua lilikuwa limeshapanda. Yule dada alirudi kutoka kazini saa kumi na moja alfajiri, na mimi, mwalimu wa afya, nimekuja kumkatizia usingizi.

Kwa hiyo wewe uliyejiunga juzi na kazi hii ya kutetea usalama wa wafanyakazi wa ngono, jambo la kwanza ni kugeuza saa yako. Watu wako utawapata kuanzia saa tisa alasiri, wakisukana na kupika, watoto wakirudi shule. Ikishafika saa mbili usiku wako kazini. Ukimsimamisha mtu dakika kumi umsomee kijitabu, ujue mteja amempita.

La pili, jiandae kuulizwa, "Umekuja kututoboa vidole?" Usikasirike. Kenya, miradi mingi iliwafikia akina dada hawa kupitia Ukimwi. Majengo, Nairobi, watafiti wamekuwa wakiwachukua damu tangu miaka ya 1980, na sayansi imefaidi sana. Lakini mtu ambaye kila mgeni anamjia na sindano ana haki ya kuchoka. Mimi mwezi mzima wa mwanzo sikupima wala kugawa kitu. Niliuliza swali moja tu: jana kazini, ni kitu gani kilikutisha? Nilidhani nitasikia virusi. Nilisikia mteja aliyekataa kulipa, askari, ngazi zisizo na taa, na mlango usiofungika.

Hapo ndipo ilipoanza kunisaidia elimu ya usalama kazini niliyoisoma kwa ajili ya viwanda. Muulize ofisa yeyote wa usalama: kofia ngumu ya mjenzi ndiyo kinga ya mwisho. Kwanza unaiondoa hatari yenyewe. Ukishindwa unaweka kitu kisicho na madhara mahali pake, au unaitenganisha na mtu kwa ukuta, taa, komeo. Baadaye unapanga taratibu za kazi. Kofia inakuja baada ya hayo yote, kwa sababu inategemea mtu mmoja asisahau hata siku moja. Sasa kondomu ndiyo kofia yetu. Tunamkabidhi dada mmoja, saa nane usiku, na mwanamume aliyelewa ndani ya chumba kisicho na komeo, kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba tumemlinda.

Basi kikague chumba kama ambavyo ungekagua karakana. Omba uingie gesti mchana, dada mmoja mzoefu akuongoze. Niliyeongozana naye alinifundisha zaidi ya kozi. Alivua viatu akaviweka mlangoni, ncha zikitazama nje. Mkoba hakuuweka juu ya meza, aliusukuma chini ya mto upande wake. "Mteja analala upande wa ukuta," akasema, "mimi upande wa mlango. Hata awe mpole vipi." Kisha akanionyesha kitasa: kilifungwa kwa ufunguo tu, na ufunguo ulikuwa mmoja, na kwa kawaida anaushika aliyelipia chumba. Yaani mteja. Nilikuwa nimepita gesti zile mara tano sikuliona hilo.

Tazama pia kama simu inashika mtandao ndani, kama dirisha lenye nondo linafunguka, mhudumu anakaa umbali gani na kama sauti inamfikia. Hesabu ngazi. Panda usiku bila tochi uone.

Yapo na maumivu ambayo hakuna mfadhili anayeyahesabu. Mgongo. Nyayo zilizosimama kwa muda wa saa sita juu ya visigino virefu. Moshi wa shisha, iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017 lakini pua zetu hazijapata habari. Na pombe zaidi ya yote, kwa sababu baa nyingine humlipa dada kwa kila chupa anayonunuliwa, kwa hiyo kulewa kunakuwa sehemu ya mshahara. Hapa dawa yetu haikuwa semina. Akina dada walielewana na mhudumu wa kaunta: akiagiziwa jini mara ya tatu, glasi inakuja na maji, barafu na kipande cha ndimu. Mteja kalipia jini, baa imeuza, kichwa cha dada kimebaki juu ya shingo. Hiyo ni kubadilisha hatari kwa kitu kisicho na madhara, na hawakuhitaji mimi kuwaambia inaitwaje vitabuni.

Kondomu usiiache, lakini ifundishe kwa vitendo. Huku pwani mafuta ya nazi yapo kila nyumba na yanatumika kwa kila kitu. Puliza kondomu ya mpira kama puto, ipake mafuta, endelea na mazungumzo. Itapasuka mkononi mwako watu wakishtuka, na hutahitaji kueleza tena kwa nini tunatoa vilainishi vya maji.

Sheria uijue kabla hujafungua mdomo mbele ya mwenye gesti. Kanuni ya adhabu ya Kenya haisemi kwamba mtu mzima kuuza ngono mwenyewe ni kosa. Inawashika wanaoishi kwa mapato yake, vifungu vya 153 na 154, na anayeendesha danguro, kifungu cha 156. Dada mwenyewe hukamatwa usiku kwa sheria ndogo za kaunti, na kondomu mkobani hugeuzwa kisingizio. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa gesti, "Weka kengele kwa usalama wa wafanyakazi wa ngono," anasikia, "Kiri kwamba una danguro." Mzee mmoja alinifukuza kwa adabu kabisa, akanipa na soda ya njiani. Nilirudi baada ya wiki mbili na maneno mengine: wageni wako wote, mzee, moto ukizuka usiku watafunguaje mlango? Ngazi hii mtu akivunjika mguu nani atalipa? Hapo tukaanza kuelewana. Sikusema uongo, maana moto hauulizi mgeni amekuja kufanya nini.

Siku mtu akibakwa, nawe uko zamu, hospitali kwanza. Hahitaji kupita polisi ndipo atibiwe. Dawa za kuzuia virusi lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zinamezwa siku 28. Ya kuzuia mimba isicheleweshwe. Asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zifungwe kwenye gazeti au bahasha ya khaki, kwani plastiki inazioza (na Kenya mifuko ya plastiki yenyewe utaipata wapi). Hospitali ijaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, na polisi watoe P3, fomu yao ya ripoti ya daktari, ambayo haiuzwi. Kama ataamua kutoshtaki, uamuzi ni wake. Wewe endelea kumsindikiza kliniki.

Kosa langu kubwa sikulifanya gesti wala kaunta. Nililifanya kwa simu. Nilipiga picha ya mafunzo kwa ajili ya ripoti, nikaficha sura za waliokaa mbele. Nyuma kabisa, kwenye kioo cha kabati, uso wa dada mmoja ulionekana vizuri. Picha ikazunguka, ikafika kwa shemeji yake. Kwao walijua anauza kwenye duka la nguo. Alihama mji na hakuwahi kunitukana, jambo ambalo bado linaniuma. Tangu hapo picha zangu ni za mikono na viti. Daftari letu la wateja wakorofi halina jina la dada yeyote: linaandika tarehe, mtaa, alama za mteja na alichofanya, na linakaa kwa mmoja wao, ofisini halilali.

Ukimkuta aliye chini ya miaka 18, somo la usalama kazini linaishia hapo. Huyo ni mtoto anayetendewa jinai. Simu ya watoto ni 116, na ni bure.

Utaambiwa haya ni ndoto za wazungu. Nyuzilandi walipitisha sheria ya kuacha kuihesabu kazi ya ngono kuwa jinai 2003, na mwaka 2014 mfanyakazi wa danguro huko alishinda kesi ya kunyanyaswa kingono na bosi wake, akapewa fidia ya dola 25,000 za nchi hiyo. Ubelgiji, tangu Desemba 2024, anayetaka anaweza kusaini mkataba wa ajira wenye haki ya kumkataa mteja, na chumba kiwe na kitufe cha dharura. Mimi huwasimulia akina dada habari hizi, nao hucheka kuhusu mkataba. Kwenye kitufe hawacheki. Wanauliza kinauzwa shilingi ngapi.

Na fedha za wafadhili usizijengee nyumba. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, vituo vingi vya kina dada nchini vilifunga milango, wauguzi wakaondoka na mafaili yakabaki. Kilichoendelea ni vile vitu ambavyo havikuwa na bajeti: ndimu ya kaunta, daftari, na komeo.

Komeo, ndiyo. Yule mzee hatimaye alikubali ya ndani, vyumba sita vya chini, tukachangiana na fundi. Dada wa viatu akaniita nione. Akafunga, akafungua, akafunga tena, akasukuma mlango kwa bega. Halafu akatoka kwenye ukumbi, akanyoosha kidole juu ngazini, kwenye giza, akauliza taa inakuja lini.